Injini Imekaa Pabaya: Miaka Sitini ya Ukaidi wa Porsche 911

Peugeot na Porsche 911 wana kesi ya siku nyingi.

Ya kwanza ilikuwa ya karatasi. Mwaka 1964 Wajerumani wa Stuttgart walikuwa wameshaanza kuunda gari lao jipya la michezo, jina lake 901, Wafaransa walipobisha hodi. Wakadai kwamba kwao Ufaransa majina ya magari yenye tarakimu tatu na sifuri katikati ni mali ya Peugeot: 203, 403, 404 na wenzake. Porsche hawakutaka ugomvi kwa ajili ya sifuri. Wakaing'oa, wakapachika moja, na magari 82 yaliyokwisha kuundwa kwa jina la zamani yakabaki yatima.

Ya pili ilikuwa ya matope. Pasaka ya mwaka 1978 Porsche walishusha Kenya 911 mbili zenye milia ya Martini, kampuni ya vinywaji iliyowadhamini, matumbo yameinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini, kwa nia moja tu: kushinda Safari Rally. Hawakushinda. Aliyewapiku alikuwa ndani ya Peugeot 504, naye aliitwa Jean-Pierre Nicolas. Na huyu Nicolas, Januari ya mwaka huohuo, ndiye aliyekuwa ameshinda mbio za Monte Carlo akiwa ameshika usukani wa Porsche 911. Miezi miwili tu baadaye akavuka mto na kuja kuwapiga walewale.

Kuna kesi ya tatu, ambayo kwa umri ndiyo kubwa yao. Nitaifikia.

Nimeanzia kwenye kushindwa makusudi, kwa sababu habari za gari hili nyingi huandikwa kama risala ya harusi: bwana harusi hana kasoro, ukoo wake safi, na kila aliyemkataa alikuwa kipofu. Mimi si mmiliki wa 911, na kwa kipato hiki sitakuwa, kwa hiyo sina mali ya kuipandisha bei. Nionavyo, watu wa Stuttgart walikosea mahali pamoja, hadharani, kila mtu akiona. Badala ya kulifuta kosa hilo wakakaa nalo miaka sitini wakilikarabati. Urithi wote wa gari hili, mzuri na wa kuudhi, umetokana na ukaidi huo.

Kasoro yenyewe haihitaji shahada kuiona. Injini ya 911 imewekwa nyuma ya ekseli ya nyuma. Magari mengi ya mbio huweka injini katikati, mgongoni mwa dereva. Mengi ya barabarani huiweka mbele. Hii inaning'inia mwisho kabisa, karibu na bampa, mahali ambapo sisi wengine tunaweka begi na tairi la akiba. Kama umewahi kumwona kijana akishuka mlima na magunia mawili ya mkaa kwenye keria ya baiskeli, basi fizikia ya 911 unaijua tayari. Akienda moja kwa moja, tairi la nyuma linashika ardhi barabara, ila hendeli ni nyepesi, inachezacheza. Shughuli iko kwenye kona: akifunga breki ghafla, mkaa unataka kutangulia. Dereva wa 911 za mwanzo aliyeingia kona kwa kasi, akaogopa, akanyanyua mguu kwenye mafuta, alikuwa ameliita jambo hilohilo kwa jina. Mkia ulizunguka ukaja mbele, na safari ikaishia mtaroni, gari likitazama lilikotoka.

Kwa nini mtu mwenye akili zake aweke injini hapo? Kwa sababu ndipo babu alipoiweka. Ferdinand Porsche, mhandisi mzaliwa wa Bohemia, alifungua ofisi yake ya usanifu Stuttgart mwaka 1931, na miaka michache baadaye akapewa kazi ya kubuni gari la bei ya chini la Wajerumani wa kawaida. Ndiyo ile Volkswagen ya mgongo wa mviringo ambayo wazee wetu wengi walijifunzia udereva. Kwa gari la aina ile, injini nyuma ilikuwa busara. Hakuna shafti ndefu ya kupitisha chini ya sakafu, uzito unakalia magurudumu yanayosukuma, na injini inapozwa kwa feni ya hewa, hivyo hakuna maji ya kuganda wakati wa baridi wala ya kuchemka wakati wa joto. Silinda zake zililala chali, mbili zikitazama mbili, pistoni zikirusha ngumi kushoto na kulia. Ndiyo maana Wajerumani huiita injini ya bondia.

Mwaka 1948, katika karakana iliyokuwa zamani ya kupasulia mbao huko Gmünd, Austria, mwanawe Ferry alianza kuunda gari la michezo la 356 kwa kutumia vipuri vingi vya Volkswagen. Injini nyuma, kama kwa baba. Na mwaka 1963, kwenye maonyesho ya Frankfurt, ikaja zamu ya mjukuu: Ferdinand Alexander, waliyemwita Butzi, ndiye aliyechora umbo la hiyo 901. Sasa silinda zilikuwa sita, lita mbili, nguvu za farasi 130, yaani mara kadhaa ya kile kigari cha babu. Nyumba ikajengwa upya, ya ghorofa, ya kisasa. Choo kikaachwa palepale.

Hapa ndipo risala za harusi huruka kurasa. Ofisi ile ya 1931 haikuwa ya Porsche peke yake. Mmoja wa waanzilishi, aliyetia fedha na kutafuta wateja, alikuwa dereva wa mbio Adolf Rosenberger, Myahudi. Mwaka 1935 alikuwa ameshatolewa kwenye kampuni, akakamatwa na kuwekwa kambini, kisha akafanikiwa kukimbilia ng'ambo. Baada ya vita alidai haki yake. Akaishia kupewa marki 50,000 na gari moja, tena Volkswagen. Mzee Porsche mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler, na kiwanda cha Volkswagen alichokisimamia kiliendeshwa wakati wa vita kwa jasho la watu waliolazimishwa. Hapo ndipo ilipo kesi ya tatu. Viwanda vya Peugeot vilikuwa mikononi mwa Wajerumani wakati wa uvamizi, na vita vilipokwisha Wafaransa walimkamata Porsche kwa tuhuma zilizohusu yaliyowapata watu na mitambo ya Peugeot. Alikaa ndani hadi Agosti 1947, akatolewa kwa dhamana, na baadaye mahakama haikumtia hatiani. Fedha ya dhamana ilitokana na kazi ambayo Ferry aliifanya kwa kampuni ya Cisitalia ya Italia, kubuni gari la mbio. Kwa hiyo ukiambiwa Peugeot waliwaonea Porsche kwa ajili ya kijisifuri kimoja mwaka 1964, kumbuka kwamba hao hawakuwa wageni wao kwa wao.

Turudi kwenye mkia.

Porsche walijua. Hilo ndilo linalonifurahisha zaidi katika habari hii yote: hawakusubiri kuambiwa. Katika magari ya miaka ya mwanzo walificha vyuma vizito ndani ya bampa la mbele, kilo 11 kila pembe, ili kulituliza. Dawa ya mzigo wa nyuma ikawa mzigo wa mbele. Kijana wetu wa mkaa naye angefunga mawe kwenye hendeli. Mwaka 1968 wakaja na dawa ya maana kidogo: magurudumu ya nyuma yakasogezwa nyuma milimita 57. Hebu pima kwenye mkono wako, ni kama upana wa vidole vitatu. Wangeweza kuisogeza injini mbele. Hawakufanya hivyo, wakayasogeza magurudumu yaifuate injini ilipo.

Mwaka 1972 ikaja 911 ya Carrera RS 2.7, nayo ilikuwa na kitu juu ya kifuniko cha injini ambacho Wajerumani waliita mkia wa bata. Kazi yake si urembo. Umbo la 911 lina mgongo unaoteremka taratibu, na upepo ukipita juu yake kwa kasi kubwa huunyanyua ule upande wa nyuma, yaani upande uleule uliokuwa na matatizo. Kile kibati kilichobinuka kilizuia hilo. Kanuni za mbio ziliwataka wauze magari 500 ndipo gari likubaliwe mashindanoni, na watu wa mauzo waliogopa kwamba hayatanunuliwa. Yaliuzwa takriban 1,580. Tangu hapo, watu waliokuwa wakiicheka tiba wakaanza kuihusudu. Leo mtu mwenye 911 ya kawaida hubandika mkia wa bata ili aonekane anamiliki RS, na wanunuzi hukagua nambari za chesisi kama polisi.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa vikwazo vya mafuta, dunia nzima ilipanga foleni kwenye vituo vya petroli. Mtu angedhani Porsche wangetulia. Oktoba 1974 wakaonyesha Paris 911 Turbo, nguvu za farasi 260, gia nne tu, na turbo ya enzi zile ambayo ilikuwa haina haraka: unakanyaga mafuta, kimya, unahesabu moja, mbili, halafu nguvu zote zinafika kwa pamoja kama mgeni aliyechelewa na ngoma yake. Zikifika katikati ya kona, unayajua yaliyobaki. Waingereza na Wamarekani waliipa jina la mtengeneza wajane. Sioni sifa katika jina hilo, ingawa wapenzi wa gari hili hulitaja kwa kujidai.

Basi kwa nini hawakuihamisha? Sababu moja ni umaskini. Porsche ilikuwa kampuni ndogo, na kubuni gari jipya kabisa ni gharama ya kuzamisha meli. Sababu ya pili ni kwamba kosa hili, tofauti na makosa mengi, lilikuwa linalipa kodi. Uzito ukiwa juu ya magurudumu yanayosukuma, gari linaondoka kama limesukumwa na mtu. Ukifunga breki, uzito wa magari mengine wote unakimbilia mbele na magurudumu ya nyuma yanabaki mapambo. Kwenye 911 ya nyuma nayo yanafanya kazi. Na kwa kuwa injini haikuchukua nafasi katikati, viti viwili vidogo vilipatikana nyuma, vya watoto au vya mtu mzima mwenye ugomvi na magoti yake. Ferrari na Lamborghini zilizokuwa na injini katikati hazikuweza kubeba hata mkoba wa shule.

Hapo ndipo Safari Rally inapoingia, na nadhani hakuna mbio zilizolielewa gari hili kuliko hizi za kwetu.

Kwanza, babu alikuwa ameshashinda hapa. Mbio hizi zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 Vic Preston alizishinda kwa Volkswagen, ileile ya mgongo wa mviringo. Volkswagen ikashinda tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962. Siri ilikuwa ileile ya kutokuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe, na uzito wote kukalia magurudumu yanayohangaika kutoka kwenye tope. Sasa angalia mwaka 1978: aliyeshika nafasi ya pili kwa Porsche 911, nyuma ya Peugeot ya Nicolas, ni Vic Preston Junior. Baba alishinda kwa gari la babu. Mwana akawa wa pili kwa gari la mjukuu. Msweden Björn Waldegård, katika ile 911 nyingine ya Martini, alimaliza wa nne.

Nafasi ya pili ilikuwa imekwisha kuwa ugonjwa. Mwaka 1972 Mpolandi Sobiesław Zasada alikuwa wa pili kwa 911. Mwaka 1974 Waldegård alikuwa wa pili kwa Carrera RS, akimfuata Joginder Singh wa Kenya ndani ya Mitsubishi Lancer ndogo ambayo huko Ulaya hakuna aliyeihesabu. Gari lililoshinda Monte Carlo mara tatu mfululizo kuanzia 1968 hadi 1970, na kushinda kwenye lami, theluji na baadaye mchanga wa mbio za Dakar, lilifika Nairobi mara tatu likiwa la pili na halikuwahi kuwa la kwanza. Enzi zile njia ilizidi kilomita 5,000, na Safari haikuwa mbio za kasi peke yake; ilikuwa mtihani wa nani atavunjikiwa na kitu kidogo. Peugeot 504 ilikuwa gari la kubebea abiria, mbuzi na magunia. Lilizaliwa likijua mashimo. 911 ilibidi ifundishwe.

Niliwahi kuiona kwa karibu mara moja, Safari Classic ya magari ya zamani ilipopita Taita Taveta. Ilikuwa imesimama kando ya barabara ya vumbi, mafundi wawili wameinama nyuma yake, kifuniko kimefunguliwa. Ndani palikuwa na feni kubwa ya chuma katikati, inatazama nyuma, imejaa vumbi jekundu. Mmoja wa mafundi alikuwa anaisugua kwa brashi ya kupakia rangi, taratibu, pezi moja baada ya jingine, kama mtu anayesafisha meno ya mtoto. Tairi la nyuma lilikuwa limevuliwa na shokapu ilikuwa bado ya moto. Tone la jasho lilimdondoka fundi likaangukia pale na kukauka papo hapo.

Mvulana wa shule aliyekuwa amesimama karibu nami aliuliza, "Mjomba, rejeta iko wapi?"

Fundi hakuinua kichwa. Alielekeza brashi hewani, akaizungusha.

Mzee mmoja mwenye baiskeli alisogea, akachungulia kwa muda, kisha akatoa hukumu: "Hii si Volkswagen hii?"

"Ni Volkswagen, mzee wangu," fundi akamjibu, "lakini hii imekula ikashiba."

Sijawahi kusoma uchambuzi wa 911 uliokuwa mfupi na sahihi kuliko huo.

Waliokaribia kuliua gari hili hawakuwa Wafaransa wala mashimo ya Taita. Ni Porsche wenyewe. Katika miaka ya 1970 mkuu wa kampuni, Ernst Fuhrmann, mhandisi hodari, aliangalia sheria za Marekani za usalama, moshi na kelele, akaona kwamba injini ya feni inayonguruma haina maisha marefu. Akasimamia kuzaliwa kwa 928, iliyoonyeshwa mwaka 1977: injini ya silinda nane mbele, imepozwa kwa maji, gari tulivu lenye adabu zote. Mwaka 1978 lilitangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Nasema bila kinyongo kwamba 928 lilikuwa gari bora kwa vipimo karibu vyote ambavyo mhandisi angekuwekea mezani. 911 ingeachwa ife yenyewe, taratibu, kama mzee anayenyimwa uji.

Mwaka 1981 akaja mkuu mpya, Peter Schutz, Mmarekani aliyezaliwa Berlin. Kisa chake amekisimulia mwenyewe mara nyingi: aliingia ofisini kwa mhandisi mkuu Helmuth Bott, akaona ukutani chati ya miaka ya uzalishaji. Mistari ya magari mengine ilikuwa inaendelea mbele; wa 911 ulikuwa unakatikia mwaka 1981. Akachukua kalamu ya wino mzito, akauendeleza mstari ule hadi mwisho wa karatasi, akatoka nao ukutani, akaelekea nao mlangoni. Kisha akamgeukia Bott kumuuliza kama ameelewa. Napenda kisa hiki, lakini huwa nakisikiliza kwa sikio moja. Wino haununui vipuri. Mstari uliweza kuendelea kwa sababu wateja walikuwa bado wanalilia mkweche wao, na mafundi wa kiwandani walikuwa wamenuna kwa kuambiwa waache kazi wanayoijua. Schutz alikuwa na akili ya kusikiliza manung'uniko ya korido. 928 ilikufa mwaka 1995 na hakuna aliyeivalia nguo nyeusi.

Ukaidi una siku zake za kulipa. Mapema miaka ya 1990 Porsche ilikuwa hoi: kutoka zaidi ya magari 50,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeporomoka hadi takriban 15,000. Walikuwa wanaunda magari kama mafundi seremala, kwa mikono ya ajabu na stoo zilizojaa vipuri visivyojulikana vitatumika lini. Bosi mpya, Wendelin Wiedeking, aliwaita Wajapani waliofunzwa Toyota wawafundishe Wajerumani kuunda magari, jambo lililowauma sana wenyeji. Siku moja alipewa msumeno wa umeme, akapita kwenye rafu za kiwandani akizikata nusu ya juu, ili pasiwe tena na mahali pa kurundika. Mimi naamini msumeno ule uliiokoa 911 kuliko kalamu ya Schutz, ila msumeno haupendezi kwenye mabango.

Gharama ya wokovu ilikuwa hewa yenyewe. Mwaka 1997 ikatoka 911 ya kwanza ya kupozwa kwa maji, iliyopewa namba 996, ikishiriki vipuri vingi, hata taa za mbele, na ndugu yake wa bei nafuu, Boxster. Waumini wakapiga kelele. Taa zikafananishwa na yai la kukaanga lililomwagikia pembeni. Beringi ya shafti ya kati ya injini ilipata sifa mbaya iliyowafikisha mahakamani Marekani. Mwezi Machi 1998 ikaundwa ya mwisho ya kupozwa kwa hewa, na tangu siku ile bei za zile za zamani zikaanza kupanda ngazi. Miaka michache baadaye Porsche wakauza kitu kingine kabisa, Cayenne, gari la familia lenye mwili wa kifaru, na faida yake ndiyo iliyolipia 911 zilizofuata. Waumini wanaomtukana Cayenne wanakula kwenye sahani yake.

Yaliyotokea kwenye umiliki yangestahili makala yake. Mwaka 2008 Porsche walijaribu kuimeza Volkswagen, kampuni kubwa kuliko wao mara nyingi, wakakabwa na madeni, na kufikia 2012 Volkswagen ndiyo iliyokuwa imewameza. Mjukuu akarudi tumboni mwa babu. Porsche walipopelekwa kwenye soko la hisa mwaka 2022, mtaji uligawanywa katika hisa milioni 911. Milioni 911, si masihara. Ile namba iliyopatikana kwa kung'oa sifuri ya Wafaransa ikawa kipimo cha mali.

Na hapa ndipo urithi wa gari hili unaponichosha. Mwaka 2014 iligunduliwa ghalani huko Ujerumani mojawapo ya zile 82 yatima, namba 57, imeoza, haina hata madigadi ya mbele. Makumbusho ya Porsche wakainunua, wakaikarabati miaka mitatu kwa kutumia vipande vya asili vya magari ya umri wake. Kazi ya fundi inayotoa machozi, sina neno. Lakini nje ya makumbusho tabia hiyo imegeuka kilimo cha dhahabu. RS za 1973 hugongwa nyundo mnadani kwa mamia ya maelfu ya dola, halafu hupandishwa kwenye lori lililofunikwa na kupelekwa chumba chenye kiyoyozi, zikakae kama hati ya kiwanja. Gari ambalo sifa yake yote ni kwamba lilirekebishwa na watu waliolitumia vibaya limekuwa kitu ambacho hakuna anayethubutu kukitumia. Kila kilometa inashusha bei. Vumbi la Taita lingemuua mwenye gari kabla ya gari.

Wapo wasiofuata dini hiyo, na bahati nzuri wengi wao hupitia kwetu. Safari Classic ilipoanzishwa mwaka 2003, kuadhimisha miaka 50 ya mbio za asili, 911 za zamani zilianza kuja kwa wingi, nyingi zikiwa zimeandaliwa na mafundi wa familia ya Tuthill kutoka Uingereza. Wameongeza vyuma chini ya tumbo, wameimarisha maungio ya shokapu, wamejifunza kila kilichovunjika katika miaka ya 1970 na kukijibu. Injini hawajaisogeza. Stig Blomqvist alishinda kwa 911 mwaka 2015. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Mkenya, Baldev Chager, naye kwa 911.

Lakini ushindi ninaoutazama mara kwa mara kwenye picha ni wa Novemba 2011. Dereva ni Björn Waldegård, yule wa nafasi ya pili ya 1974 na ya nne ya 1978. Alikuwa ameshashinda Safari ya kweli mara nne, mara moja kwa Ford na mara tatu kwa Toyota. Kwa Porsche, hata mara moja. Sasa ana miaka 68, msoma ramani wake ni mwanawe Mathias, na 911 yao imefunikwa tope kiasi kwamba rangi yake huijui. Wamemaliza wa kwanza. Mzee ameegemea upande wa nyuma wa gari, pale juu ya injini, mahali ambapo bati hubaki na joto kwa muda mrefu baada ya gari kuzimwa.